Unga Mweupe Mkononi mwa Jescah

Laini Saba, Kibera
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Mama,

Goti linaendeleaje? Daktari wa zahanati alikukataza kukaa kwenye udongo kutwa nzima, na mimi ninakujua, umekaa. Na paa la jikoni, yule fundi amefika au bado anaapa kwa simu kwamba yuko njiani? Mimi ni mzima wa mwili. Kikohozi kimeniacha, ninakula, ninalala, na kanisani ninafika kabla ya mapambio. Watu wakikuuliza habari zangu waambie hayo, yanatosha. Yanayofuata ni yako peke yako.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako ikilia huwekwa spika na boma zima linakuja kusikiliza. Wewe husema hakuna mtu, na mimi ninasikia kabisa mtu anakohoa. Barua hii ninamkabidhi jirani anayekuja huko msibani, na nitaibandika gundi mara mbili. Ukikuta imefunguliwa pembeni uniambie, nijue wa kumuuliza.

Uliniambia kwamba Nairobi hakuna anayepika kwa chungu, ukataka kujua hii kazi ya ufinyanzi niliyopata ni ya namna gani. Ni kweli, hakuna anayepika. Vyungu vyetu havipiki wala haviwekwi maji. Niko Kawangware, kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba ya mwanamke anayeitwa Madam Stella. Yeye huchora, sisi tunafinyanga. Chombo kimoja kina umbo la boga, kingine tumba la ua ambalo halijafunguka, kingine gamba la konokono, na vingine, nisamehe Mama, ni tumbo la mjamzito na kitovu chake. Madam anasema ardhi ni mama, kila chombo ni mama, na mwanamke akikaa nacho kimya anapata nguvu zake alizonyang'anywa. Hakusema zilinyang'anywa na nani.

Jumamosi wanunuzi huja wenyewe, kina mama wa magari makubwa. Wanavua viatu, wanakaa kwenye mikeka kwa duara, wanawasha mishumaa na kuweka viganja juu ya vyombo vyetu, kisha wanafumba macho na kuvuma. Siku ya kwanza nilishika Biblia ndani ya mkoba mpaka wakamaliza. Nilifikiri ni mambo ya majini. Sasa nimezoea, ila bado siyaamini macho yaliyofumbwa muda mrefu hivyo. Madam aliniuliza mama yangu husema maneno gani akianza chungu. Nikamwambia husema, "Nani amechukua kokoto langu la kung'arishia?" Akaandika kwenye daftari.

Kwenye banda hilo nilimkuta Jescah. Ni mama wa watoto watatu, amenizidi miaka kama kumi, anatoka upande wa Kakamega na alifundishwa na nyanya yake. Anakaa Kongo, hapo hapo Kawangware, kwa hiyo wakati mimi ninaamka na kutembea kutoka Kibera, yeye anavuka mtaro tu na amefika. Kila asubuhi nilimkuta ameketi tayari. Haongei. Ukimsalimia anaitikia, basi. Mtu anayesema hovyo ninaweza kumpima, lakini asiyesema huwa ananipa shida, na wewe unajua hilo nimelitoa wapi.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Udongo Madam huletewa kwenye magunia, udongo laini mno, na ukiufinyanga peke yake unapasuka. Nikatafuta vigae vya kusaga nichanganye kama tunavyofanya nyumbani. Lakini hapa nani ana chungu kilichovunjika? Watu wote wana jerikani. Siku moja nikapita nyuma ya Nyayo Highrise, nikakuta mtu ameezua nyumba na kutupa vigae vyekundu vya paa, lundo zima, udongo uliochomwa vizuri. Nilifurahi kama niliyeokota pesa. Nikabeba gunia mgongoni, nikatwanga, nikapata mkebe mkubwa wa unga. Na sikuviosha. Ulinifundisha kwamba kigae cha kusaga hakioshwi, kwa sababu ukikiosha umeondoa mikono ya mama aliyekifinyanga, na chungu kipya kinazaliwa bila nyanya. Nilifuata neno lako kama lilivyo.

Vyombo vyangu vya kwanza vilitoka motoni vizuri sana, vyekundu, ukivigonga vinalia. Madam akavipanga kwenye rafu na kuvipiga picha. Siku ya tatu nikiwa nimeketi nikasikia mlio mdogo, tik. Nikageuka. Kipande cha ukubwa wa ukucha kimeruka kutoka ubavuni mwa boga langu na kuanguka chini, na hakuna mtu aliyekigusa. Kesho yake vikaruka vingine viwili. Wiki haikuisha kabla vyombo vyangu vyote havijawa na mashimo, na vya Jescah, kwenye rafu ile ile, havina hata mkwaruzo.

Mama, ungefikiri nini? Mimi nilifikiri hayo hayo.

Nikaanza kumchunguza. Kwetu anayepita penye moto wa vyungu hutupa kijiti kimoja motoni, kuonyesha hana kinyongo na mwenye vyungu. Jescah alipita mara nne siku nilipochoma, na mara nne hakutupa kitu, tena alipita mbali akikunja leso yake isiguse kuni. Nikaiweka hiyo moyoni. Mara nyingine nilikuwa ninakanda, akasimama akanitazama mikono, akatikisa kichwa akasema, "Hizo zako zitakusumbua." Ni hayo tu, akarudi kukaa. Mtu wa kawaida angesema hivyo na asieleze kwa nini? Nilianza kuficha kokoto langu. Nilianza kufunika udongo wangu pamoja na mkebe wa unga na kupiga fundo ambalo nikilirudia ninajua kama limefunguliwa. Asubuhi mbili nilikuta fundo si langu.

Basi Jumamosi moja niliondoka Laini Saba mapema kuliko kawaida na nikaingia bandani kwa mlango wa nyuma. Nikamkuta amechutama mbele ya mkebe wangu, mkebe uko wazi, na kiganja chake cha kushoto kimejaa unga mweupe. Mweupe, Mama, si mwekundu. Nilimkamata kifundo cha mkono na nikaanza kupiga kelele. Kina mama walikuwa tayari wamevua viatu uani, wote wakaja, Madam mbele.

Nikasema, "Huyu ndiye amekuwa akiniharibia kazi. Muone mkononi. Ananiwekea dawa kwa udongo."

Jescah hakuvuta mkono. Alisema, "Siweki. Natoa."

"Unatoa nini kwa mkebe ya mtu? Nani alikutuma?"

"Natoa, Risper. Angalia vizuri."

Sikuangalia. Niligonga ule mkono, unga ukamwagika na kukanyagwa na miguu mitupu ya wale kina mama, mmoja akaanza kulia kwamba amekanyaga uchawi. Nilidhani Madam, kwa masomo yake, atauliza maswali. Alishika kifua akasema, "Hapa ni mahali patakatifu pa wanawake. Siwezi kukaa na enaji kama hii." Jescah akaondoka saa ile ile na leso yake begani. Sijui kama alinitazama, kwa sababu mimi nilikuwa ninajifuta mikono.

Mboga ya jioni ile niliila kwa raha, nikalala. Nakuambia ukweli.

Halafu vyombo vikaendelea kupasuka. Nikasema labda dawa ilishaingia udongoni, nikaanza gunia jipya, nikachanganya unga ule ule wa mkebe, nikachoma. Vikawa vibaya zaidi kuliko mwanzo. Nikahamisha macho yangu kwa wengine. Nikamshuku mlinzi wa lango, kwa sababu kwa nini anapenda kuota moto wangu? Nikawashuku kina mama wa Jumamosi na mafuta yao ya kunukia viganjani. Nikamshuku Madam mwenyewe kwamba anataka sababu ya kunifukuza. Nikafika mahali pa kukushuku wewe, kwamba labda niliondoka nyumbani bila kuagana nawe sawasawa. Ilinichosha, Mama. Unaamka umechoka, na watu wote unaokutana nao njiani unawatazama mikono.

Kilichoniamsha kilitokea Jumamosi nyingine. Mwanamke mmoja wa heshima alikuwa amefumba macho, viganja vyake juu ya tumbo la udongo nililolifinyanga siku tano. Likafanya tik, kipande kikamrukia mapajani. Alipiga ukelele duara lote likasimama. Madam akaniita pembeni akaniambia nikirudia tena nitafute kwingine.

Nililibeba lile tumbo mpaka nyumbani nikaliweka mlangoni, nikakaa nikalitazama. Jirani yangu Baba Ouma, yule mwashi niliyekutajia, akatoka na kiti chake akaketi. Akaingiza kidole katika kila shimo. Akaniuliza, "Hii nyeupe ni ya nini?" Ndipo nikaona. Chini ya kila shimo kulikuwa na nukta nyeupe, ndogo kama yai la chawa. Nikamwonyesha vigae vilivyobaki ndani ya gunia. Akakigeuza kimoja, akakwaruza mgongoni kwa ukucha, pale palipokuwa pamegandwa na weupe nilioudhani ni uchafu wa kawaida wa paa.

"Si hii ni chokaa, Risper. Simiti ya zamani ya kushikilia kigae. Ukiichoma halafu ipate unyevu, lazima ifure. Sisi hatuwezi kuipaka kama haijamaliza kufura. Wewe umeitia ndani ya chungu?"

Nikamwambia ndiyo, nimeitia. Akauliza mbona sikuviosha kwanza. Ningeanzia wapi kumweleza mwashi habari za nyanya wa chungu?

Nilikukasirikia kwa siku mbili, sitakuficha. Nikasema neno lako limenivunjia kazi. Siku ya tatu nikakumbuka mkono ule. Siweki, natoa. Alikuwa ametoa weupe kwenye mkebe wangu, chembe moja moja, asubuhi kabla sijafika, mpaka kiganja kikajaa. Na lile fundo langu lililobadilika, ni yeye.

Nilikwenda Kongo siku hiyo hiyo mchana, nikaulizia. Mwanamke wa kwanza niliyemuuliza aliniambia, "Unamtafuta ule mchawi wa vyungu?" Mama, jina hilo nililianzisha mimi. Mfanyakazi wa mmoja wa kina mama alilibeba kutoka uani kwa Madam, na siku iliyofuata lilikuwa limeshaingia kila ploti. Jescah alikuwa amejaribu kufulia watu nguo, wakamkataza kugusa za watoto. Kanisani kwao wamemwambia apumzike kwanza kupika chai ya akina mama.

Nilimkuta anachambua sukuma mlangoni. Hakunikaribisha wala hakunifukuza.

"Sasa, Jescah."

"Poa."

Nikamweleza kila kitu, chokaa na mwashi na vigae. Alinisikiliza akiendelea na majani yake.

"Mimi niliona siku ya kwanza," akasema. "Hata kwetu tunatumia kigae. Lakini hiyo yako ilikuwa na chokaa, hata mtoto angeona."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia zitakusumbua. Ukaniangalia vile mtu huangalia mwizi. Nikasema wacha nitoe tu, ataona vyungu yake imepona, ataacha."

"Na moto? Ulipita mara nne hukutupa kijiti."

Aliacha sukuma akanitazama kama ambaye hajanisikia. "Kijiti gani? Kwetu huwezi ingiza mkono kwa moto ya mwenyewe. Ni heshima. Hata nguo isiguse."

Nikamwambia kwetu kigae hakioshwi, kwa sababu ya mikono ya mama aliyekifinyanga. Hapo alicheka kidogo, mara ya kwanza nimemwona akicheka, na halikuwa cheko la kufurahi. "Hiyo ilikuwa kigae ya paa, Risper. Ilitoka kwa mashine. Hakuna mama alikuwa huko."

Nikaomba msamaha. Nilisema yote ninayojua kusema, nikalia pia. Akasema, "Usiniombe msamaha hapa kwa mlango yangu. Kwani ulinitajia uchawi hapa? Enda useme pale ulisema." Akaingia ndani na beseni lake.

Nilijua maana yake. Kusema pale ni kusema mbele ya Madam kwamba aliyeharibu vyombo ni mimi, na nimeshaambiwa nitafute kwingine. Sina kwingine, Mama, unalijua hilo. Nilikaa nalo siku tatu, na nakiri kwamba siku moja kati ya hizo niliamua kunyamaza. Hata vigae vyote nilikuwa nimeshavitupa, hakuna ambaye angejua pale bandani. Lakini nikipita sokoni nilikuwa ninamsikia masikioni yule mwanamke wa Kongo akisema mchawi wa vyungu.

Basi Jumamosi nilimtumia Jescah ujumbe aje. Alisimama langoni, hakuingia. Nikawaomba kina mama wafumbue macho. Nikawaambia unga ule ulikuwa chokaa, na chokaa niliitia mimi kwa kutojua, na Jescah alikuwa anaitoa ili kuniokoa, na mimi nikamwita mchawi mbele yao. Nikasema hana dawa, hana roho chafu, na vyombo vyake walivyo navyo majumbani ni vya mikono safi kuliko yangu.

Unajua walifanya nini? Walisimama wakanikumbatia. Mmoja mmoja, kwa zamu, wakilia. Yule aliyerukiwa na kipande alinishika mashavu akasema nina ujasiri wa mama wa kale. Madam akasema huo ndio uponyaji wenyewe, akaniambia kazi yangu ipo, tena nitakuwa ninawasimulia wageni kisa hiki kila mwezi. Wakanipigia makofi. Nilijaribu kutazama langoni juu ya mabega yao na sikuweza kuona. Waliponiachia nilikimbia nje. Jescah alikuwa bado pale, mikono ameikunja.

Akasema, "Wamekupigia makofi."

Hakuna aliyekuwa amemwita aingie. Nilirudi ndani nikamwambia Madam kwamba kama Jescah harudi, mimi sisimulii kitu. Nadhani ni hilo lililomfanya apige simu, si haki. Jumatatu Jescah akarudi, amekaa mahali pake pale pale. Wiki imepita sasa. Tunafanya kazi vizuri na vyombo havipasuki, ninaosha kila kigae, utanisamehe. Kule Kongo jina linaanza kumtoka polepole, ingawa chai ya kanisani bado hajapewa.

Lakini sasa yeye ndiye anayefika na mkebe wake wenye kufuli ndogo. Udongo wake anaukalia. Akienda msalani anachukua kokoto lake anaweka kifuani. Jioni anabeba unga wake wa vigae kichwani mpaka Kongo, na asubuhi anaurudisha. Nimetaka kumwambia kwamba sitaugusa, nikakumbuka jinsi mimi ningelisikia neno hilo kama lingetoka kwake. Kwa hiyo ninanyamaza, ninafinyanga. Inauma, Mama. Nikipita karibu na kiti chake ninaweka mikono yangu mahali anapoweza kuiona.

Nisalimie Baba, na umwambie viatu nimevipata, nitavituma na mtu ninayemwamini, nikimpata. Nisalimie kaka yangu mkubwa na wifi yangu anayekufungia dawa ya goti. Salamu kwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Na umsalimie sana mama mdogo, mke mwenzako. Tangu nilipokuwa darasa la pili hamjachoma vyungu pamoja, na kila mmoja ana moto wake upande wake wa boma. Ulituambia ulimkuta siku moja ameinama kwenye udongo wako, na ndiyo sababu vyungu vyako vya mwaka ule vilivunjika. Sote tulikuamini, na sisi watoto tukaacha kula kwake.

Mama, siku hiyo ulimuuliza alikuwa anafanya nini?

Ni mimi mwanao,
Risper